Ile muvi ya Kikosi 731 si video ya vita

Hapa Malindi ukikaa baraza yoyote inayozungumza muvi hukosi mtu wa kukwambia Men Behind the Sun, ile muvi ya Kikosi 731 cha jeshi la Japani kilichofanyia watu majaribio wakati wa vita, ni picha za kweli walizopiga wanajeshi wa Kijapani wenyewe, eti ndo maana inatisha vile. Hapana jamani, ni ya kuigiza, imetoka 1988, mwongozaji ni Mou Tun-fei. Ila nao wanaosema basi yote uongo wamepotea, maana Kikosi 731 kilikuwepo kweli kule Harbin, China, watu waligandishwa mikono kwa baridi ili wafanyiwe majaribio, na mkubwa wao Shiro Ishii hakushtakiwa, Wamarekani walimwachia wapate data zake (hiyo ndo inaniuma zaidi).

Sasa hii muvi ina sanaa ama damu tu? Naona sanaa ipo, kidogo, hasira yake ni ya haki lakini kamera inapenda mno kukodolea nyama. Tizama muvi nyingine ya vita, Come and See ya Elem Klimov, 1985, vijiji vya Belarus vinachomwa na Wanazi, kinachokutisha zaidi ni uso wa kijana mhusika mkuu unavozeeka, na kijana mwenyewe hata muigizaji wa kazi hakuwa.