Friza inajaza barafu au inamwaga maji? Angalia kwanza barafu imeganda wapi

Swali tunaloletewa sana hapa karakana ni moja, friza imejaa barafu mpaka droo hazitoki, au asubuhi mtu anakuta maji yametapakaa chini, sasa je gesi ya kupoza imeisha? Mara nyingi hapana. Ila gesi ndo jibu la haraka, fundi asiye makini anatoboa mfumo anajaza, unalipa, alafu baada ya wiki mbili tatu barafu iko pale pale. Kwa hiyo kabla hujampigia mtu simu fungua mlango uangalie barafu imekaa sehemu gani na ina sura gani, na piga picha kabla hujaiyeyusha maana ikishayeyuka ushahidi wote umeondoka nayo.

Barafu yenyewe inatoka kwenye hewa. Kila ukifungua mlango hewa yenye unyevu inaingia, ukiweka sufuria ya moto isiyofunikwa mvuke unaingia zaidi, na unyevu wote huo unaenda kuganda pale penye baridi kali kuliko pengine. Kwenye friza za kuyeyusha kwa mkono, kama zile ndefu za kufungua kwa juu, barafu ya ukutani ni jambo la kawaida tu, ikifika unene wa kama milimita 6 unazima unayeyusha, hakuna ugonjwa hapo. Zile zinazojiyeyusha zenyewe ni habari nyingine. Koili yake, yaani bomba lililokunjwakunjwa linalotoa ubaridi, imefichwa nyuma ya kava la ndani, kuna feni inayosukuma ubaridi, na kila baada ya masaa kadhaa kompresa (pampu ya gesi) inasimama, hita ndogo inawaka kwa muda mfupi, theluji iliyoshika kwenye koili inayeyuka, maji yanadondokea kwenye mfereji, yanapita kwenye tundu na mrija mpaka kwenye trei iliyo karibu na kompresa, na joto la kompresa linayakausha. Ndo maana ukiona barafu inajijenga ndani ya friza ya aina hii ujue kuna hatua mojawapo imekwama.

Theluji laini nyeupe pembeni mwa mlango na kwenye vitu vya mbele, hiyo ni raba ya mlango. Chukua karatasi, ibane na mlango alafu ivute, rudia kuzunguka mlango mzima, ikitoka bila kukaza basi hapo hewa inapenya. Usikimbilie kununua raba mpya, ioshe kwanza na maji ya vuguvugu na sabuni kwasababu mafuta na sukari zilizoganda kwenye mikunjo yake zinatosha kabisa kuizuia isishike, na kama imepinda ikande na kitambaa cha moto irudi kwenye umbo. Angalia pia kama kuna droo iliyojazwa kupita kiasi inausukuma mlango kutoka ndani, hii watu wanaisahau sana.

Sasa barafu ngumu inayong'aa kama kioo, imelala chini kwenye sakafu ya friza, au maji yanakusanyika chini ya boksi la mboga upande wa friji, hiyo ni njia ya maji imeziba. Hita imefanya kazi yake vizuri, koili imeyeyuka, lakini maji yamefika kwenye tundu yamekuta limeganda au limejaa uchafu wa chakula, yanarudi nyuma, yanatandaa na kuganda upya, kila mzunguko tabaka jingine juu ya tabaka, mpaka siku yanapata upenyo wa mlangoni na wewe unayakuta sakafuni unadhani friza inavuja. Chomoa plagi, toa chakula, na kama tundu halionekani fungua kava la nyuma. Chukua bomba la sindano kubwa lisilo na sindano, vuta maji ya moto kiasi (sio yanayochemka), mimina polepole kwenye tundu mpaka usikie yanadondoka kwenye trei kule chini. Usichokonoe na waya mgumu, mrija ni mwembamba na ukiutoboa maji yatakuwa yanaingia ndani ya ukuta usikoweza kuyafikia.

Alafu usiishie hapo juu. Upande wa nyuma, mwisho wa ule mrija, friza nyingi zina kipande cha raba chenye mdomo mwembamba unaofunguka maji yakija na kujifunga ili hewa ya joto isipande, na pale ndipo uteute na uchafu unapong'ang'ania. Kitoe, kioshe, kirudishe. Wengi wanaozibua juu tu barafu inawarudia baada ya muda mfupi kwasababu ya hicho kipande. Na kama baada ya yote hayo tundu linaganda tena, angalia kama kuna kibati kidogo cha kupeleka joto kutoka kwenye hita mpaka kwenye tundu, baadhi ya friza zinacho na kikichomoka tundu linabaki baridi tu. Wenye friza za kufungua kwa juu, kizibo cha kutolea maji kikitolewa wakati wa kuyeyusha kirudishwe, bila hivyo hewa inapenya pale na barafu inaanzia hapohapo.

Ikiwa barafu imejaa nyuma ya kava, feni inakwaruza, na upande wa friji umeanza kuwa vuguvugu, kinachogoma ni mfumo wa kujiyeyusha. Ukizima siku nzima ikayeyuka yote, ukiwasha inakuwa nzima kwa siku kadhaa alafu inarudia, hiyo ni dalili nzuri tu ya kukuthibitishia. Mkosaji ni hita, themostati yake (swichi inayofuata joto), sensa, taima au bodi ya umeme. Hita inapimwa na mita umeme ukiwa umechomolewa, isiposoma kitu imekatika. Ila themostati ya hita usiipime ikiwa na joto la chumba ukasema imekufa, yenyewe inaunganisha ikiwa kwenye baridi kali tu, nyingi nzima zinatupwa kwa kosa hilo.

Na gesi je? Inahusika pale koili ikiwa na theluji kipande kimoja tu kuanzia inapoingilia gesi, kwingine kote iko wazi, na friza haigandishi. Hapo mwite fundi wa mafriji mwenye vifaa vyake, hasa kama stika ya kompresa inasema R600a, gesi hiyo inawaka moto.

Wakati wa kuyeyusha kisu kaa nacho mbali, friza nyingi zina mabomba ya gesi nyuma tu ya ule ukuta na tundu moja linaweza kumaanisha friza nzima ya kutupa. Weka bakuli la maji ya moto ndani juu ya taulo, funga mlango, badilisha yakipoa. Maji yanayochemka usiyamwage kwenye plastiki, inapasuka. Chakula usikiogope sana, ukikipanga kwenye boksi na kukifunika blanketi zito unapata muda wa kutosha, na kilichobaki na chembe za barafu ndani unaweza kukigandisha tena. Kausha ndani kabisa kabla ya kuwasha maana tone lolote utakaloacha litakuwa theluji usiku huohuo, weka kwenye nyuzi 18 chini ya sifuri, na isubiri ishuke ndo urudishe chakula.