Saa za marathoni hutoka wapi?

Wengi wanaofika kwenye kliniki yetu ya tiba ya michezo wakijiandaa kwa marathoni yao ya kwanza huja na malalamiko ya goti, kano au nyayo. Tukiwauliza wanalala saa ngapi, hunyamaza kidogo kabla ya kujibu. Goti linauma kweli, wala hatulipuuzi. Lakini mara nyingi tukilifuatilia tunaishia kwenye ratiba: mtu ana kazi ya kutwa, ana watoto, na juu ya yote hayo amebandika mpango wa mazoezi alioupata mtandaoni bila kupunguza kitu kingine chochote.

Kila saa ya mazoezi imechukuliwa mahali. Bosi akipunjwa saa zake atauliza. Mtoto akimkosa mzazi atalia, na mwenzi atanuna au atasema. Usingizi peke yake haulalamiki, na ndiyo maana huwa wa kwanza kukatwa. Halafu mwili unaanza kudai kwa njia yake, kwa kawaida wiki ya kumi hivi, pale mpango unapofikia sehemu ngumu.

Hesabu kutoka mlangoni hadi mlangoni

Marathoni ni kilomita 42.195, umbali uliokimbiwa kwenye Olimpiki ya London mwaka 1908 na kufanywa kipimo rasmi mwaka 1921. Mipango mingi ya wanaoanza huchukua wiki 16 hadi 20, siku 4 za kukimbia kwa wiki: tatu za mbio fupi na moja ya mbio ndefu, inayopanda taratibu hadi kilomita 28 au 32. Ukijumlisha kwenye karatasi unapata saa 4 hadi 7 kwa wiki. Mtu anaangalia na kusema, hizo sikosi.

Kasoro ni kwamba mpango huhesabu muda wa miguu kutembea barabarani tu. Chukua mtu anayekimbia kilomita moja kwa dakika 7. Kilomita 30 zitamchukua saa 3 na nusu. Ongeza kuvaa, kwenda chooni (wakimbiaji wananielewa), kupasha mwili moto, kurudi, kuoga na kula. Kisha kuna ule mchana ambao mkimbiaji yupo nyumbani lakini hayupo: amejilaza kwenye kochi, miguu juu, watoto wanamruka kama mto, na ukimwomba akafungue mlango anakutazama kama umemtuma mwezini. Hiyo haiwezi kuandikwa saa 3 na nusu. Ni siku nzima ya mapumziko ya familia. Hata kipindi cha dakika 45 katikati ya wiki hula karibu saa moja na nusu.

Kwa hiyo kabla ya kulipia usajili, andika muda tangu unapoanza kujiandaa hadi unapokuwa tena tayari kumsaidia mtu mwingine. Linganisha jumla hiyo na wiki yako ilivyo hasa, siyo wiki unayoitamani. Na kama kwa sasa huwezi kukimbia mara tatu kwa wiki kwa utulivu, wiki 16 hazikutoshi hata ukiwa na muda wote duniani. Unahitaji kwanza miezi kadhaa ya kujenga msingi.

Wakati mwingine jibu la hesabu ni kuahirisha. Ushauri huu haupendwi, ila tunautoa mara nyingi. Mwaka wa kupata mtoto, wa kuanza kazi mpya au wa kumuuguza mzazi unaweza kuwa mwaka mzuri wa nusu marathoni, ambayo mbio zake ndefu humalizika kabla ya nyumba kuamka vizuri.

Mwili hautenganishi mafaili

Mazoezi hayakujengi wakati unakimbia. Wakati huo unachosha na kuchubua misuli, kano na mifupa. Uimara huja baadaye, mwili unapokarabati. Sehemu kubwa ya ukarabati hufanyika usiku, na homoni ya ukuaji humwagika zaidi katika usingizi mzito. Watu wazima wanahitaji saa 7 au zaidi, na anayejiandaa kwa marathoni hana sababu ya kujiona amesamehewa.

Tena mwili hauna faili moja la msongo wa kazi na jingine la msongo wa mazoezi. Homoni ya kotisoli hupanda kwa kilima kikali, na hupanda kwa ripoti inayotakiwa kesho asubuhi. Ndiyo maana kasi ileile iliyokuwa rahisi wiki iliyopita inaweza kuonekana mlima katika wiki ya kufunga hesabu ofisini. Kulazimisha mpango wakati huo siyo ushujaa. Ondoa kipindi cha kasi, punguza kilomita, weka mbio za taratibu, lala mapema. Wiki moja nyepesi haitabadilisha matokeo yako. Jeraha la mfupa litayabadilisha.

Wengi husuluhisha suala la muda kwa kuamka saa kumi na nusu alfajiri. Ni njia nzuri, mradi uwe umelala saa tatu na nusu usiku, ndipo upate zile saa 7. Sasa, saa tatu na nusu usiku nani anaosha vyombo? Nani anamlaza mdogo anayegoma kulala? Kuamka alfajiri huonekana uamuzi wa mtu mmoja, kumbe bili yake hulipwa usiku uliotangulia, mara nyingi na mtu asiyekimbia.

Mifano mikubwa isome vizuri

Marathoni ya Boston, Marekani, ya mwaka 2018 hupendwa sana na wakimbiaji wenye ajira. Siku hiyo ya mvua, baridi na upepo, upande wa wanaume alishinda Yuki Kawauchi, aliyekuwa mtumishi wa serikali ya mkoa wa Saitama nchini Japani, kwa saa 2:15:58. Upande wa wanawake nafasi ya pili ilikwenda kwa Sarah Sellers wa Marekani, muuguzi wa ganzi na nusukaputi mwenye kazi ya kutwa, kwa saa 2:44:04. Habari zao husimuliwa kama ushahidi kwamba kila kitu kinawezekana. Kuna jambo jingine ndani yake lenye faida zaidi: Kawauchi alizoea kufanya mazoezi mara moja kwa siku, wakati wanariadha wa kulipwa hufanya mara mbili. Kazi ilimlazimisha kuchagua.

Upande wa pili mtazame Eliud Kipchoge, bingwa wa marathoni kutoka Kenya, ambaye kwa miaka mingi aliishi kambini siku za wiki na kurudi kwa familia mwishoni mwa wiki. Kwa mwanariadha wa daraja lake kupumzika mchana ni sehemu ya kazi. Ukichukua ratiba ya namna hiyo ukaipachika juu ya ajira na malezi, umechukua mazoezi yake na kuacha mapumziko yake.

Ukiwa na siku tatu tu kwa wiki, linda mbio ndefu kwanza, kisha kipindi kimoja chenye juhudi, kisha mbio moja ya taratibu. Kilomita nyingi ziwe za mwendo unaokuruhusu kuzungumza sentensi kamili bila kukata pumzi. Wenye muda mdogo hukosea hapa: hujaribu kufidia uchache wa siku kwa kukimbia kila mara kwa nguvu, na ndio tunaowaona kliniki. Mbio ndefu nazo zina mpaka. Ukizidi saa 3 na nusu mazoezini, uchovu na hatari ya kuumia huongezeka kuliko faida, hivyo mkimbiaji wa mwendo wa pole aache kufukuza namba ya kilomita na ajiwekee kikomo cha muda.

Saa zilizo rahisi kupatikana ni zile ambazo tayari zinatumika kwa kitu kingine. Kukimbia kutoka kazini badala ya kupanda gari huingiza mazoezi ndani ya muda wa safari. Kuzunguka uwanja ambako watoto wanacheza huhesabika pia, hata kama kunachosha kwa kurudia. Kwa mtoto mchanga, kigari cha kukimbilia kisubiri hadi apite miezi 6, shingo na mgongo viwe imara, na daktari wake akubali.

Siku uliyoikosa, iache. Uwezo wa mwili haupotei kwa siku tatu wala kwa wiki. Kushuka kunaanza kuonekana wazi baada ya wiki mbili hivi za kutokimbia kabisa. Kinacholeta madhara ni kurundika mbio mbili zilizokosekana ndani ya siku moja ili programu ya simu ionyeshe alama ya kijani.

"Sawa" ya kupita siyo makubaliano

Umemwambia mwenzi wako jioni moja, akiwa anafanya jambo jingine, kwamba unafikiria kukimbia marathoni, naye akasema sawa. Hapo hamjakubaliana kitu. Kaeni na kalenda. Wiki ngumu kwa kawaida ni nne au tano kabla ya kuanza kupunguza mazoezi; zionyeshe kwa tarehe, mkiziweka kando ya mitihani ya watoto, safari za kikazi na zamu za usiku. Semeni mbio ndefu zitakuwa siku gani, nani atakuwa na watoto, na itakuwaje mtoto akiamka na homa.

Kisha jambo linalosahaulika: mwenzi anapata nini? Shukrani ni nzuri, ila dawa ya deni ni kulipa. Ukichukua saa 5 za mapumziko ya wiki, naye awe na saa zake za wiki hiyohiyo, zilizoandikwa, ambazo wewe hutamuuliza soksi ziko wapi. Watoto wanahitaji ahadi fupi zaidi. Mtoto mdogo haelewi kilomita. Anaelewa kwamba utarudi kabla ya kifungua kinywa, na anakumbuka usiporudi.

Wanaofanya zamu za usiku wasiweke mbio ndefu asubuhi ya kutoka kazini. Siku ya pili ya mapumziko ni salama zaidi. Kwa madereva, wahudumu wa afya na waendesha mitambo, uchovu wa mazoezi ni suala la usalama wa watu wengine pia, na wana haki ya kupunguza mpango bila kujieleza kwa kundi lao la kukimbia.

Pa kusimama

Pima mapigo ya moyo asubuhi kabla ya kuinuka. Yakiwa juu kuliko kawaida yako kwa siku kadhaa mfululizo, huku umechoka lakini usingizi hauji na kila neno linakukera, pumzika kabla hujalazimishwa. Maumivu ya sehemu moja ya mfupa yanayozidi kila unapokanyaga yanataka kusimama na kuchunguzwa, maana yanaweza kuwa ufa mdogo. Ukiwa na homa usikimbie. Hedhi ikikatika bila ujauzito, huenda mwili haupati chakula cha kutosha kwa kazi unayoupa. Mwone daktari, wala usisubiri mbio zipite. Aliyejifungua kwa kawaida hushauriwa asianze kukimbia kabla ya miezi 3, na mkojo ukivuja au akihisi uzito chini ya tumbo, apimwe kwanza. Maumivu ya kifua au kuzimia wakati wa mazoezi ni dharura.

Katika wiki 2 au 3 za mwisho kilomita hupunguzwa na saa hurudi nyumbani. Zirudishe kwa waliozitoa. Baada ya mashindano kaa wiki moja au mbili bila mazoezi magumu, na usijisajili kwa mbio nyingine katika siku hizo, wakati medali bado inaning'inia mlangoni na kila kitu kinaonekana rahisi. Subirini mwezi upite, mrudi kwenye kalenda, na safari hii mwenzi aseme kwanza.