Kujitoa kwenye pensheni ya Uingereza hakuokoi mshahara

Mwezi huu nimeulizwa mara nne, na Watanzania wanne tofauti, jinsi ya kujitoa kwenye pensheni ya kazini. Kazi yangu ni kuandaa mishahara, kwa hiyo ndugu na jamaa hunitumia picha za karatasi zao za malipo niwasomee. Wa mwisho ni dada mmoja anayehudumia wazee, ana miezi mitano kazini. "Kaka, haya makato nayaondoaje? Wenzangu wanasema nikirudi nyumbani ndiyo basi tena, Waingereza wanabaki nayo."

Wenzake hawana nia mbaya, lakini maneno hayo yanaharibu uzee wa watu na nimechoka kuyasikia. Tuisome karatasi yake. Analipwa paundi 24,000 kwa mwaka. Kwa kima cha chini cha mchango kinachotakiwa kisheria, paundi 6,240 za mwanzo hazihesabiwi, zinabaki 17,760. Asilimia 8 ya hizo inaingia kwenye akaunti yake ya pensheni, yaani paundi 118.40 kila mwezi. Mfukoni kwake zimetoka 59.20 tu. Mwajiri ametoa 44.40, na 14.80 ni kodi ambayo serikali imemwachia.

Akijitoa, kuanzia hapo mshahara wake utaongezeka zile 59.20 kila mwezi. Zile nyingine 59.20 hazipati ng'o. Mwajiri hatampa mkononi. Nionyesheni kiwanja Kibaha kinachozaa mara mbili siku ileile ulipokilipia.

Halafu kuna suala la muda, ambalo kwenye magrupu halisemwi kabisa. Anayetaka kurudishiwa alichokatwa ana mwezi mmoja tu tangu aingizwe kwenye mfuko. Huyu dada ana miezi mitano. Akijitoa leo harudishiwi hata senti. Zilizokwisha kuingia zinakaa mpaka afikishe umri wa kuzichukua, ambao sasa ni miaka 55 na kuanzia tarehe 6 Aprili 2028 utakuwa 57. Atakachofanikiwa ni kumzuia mwajiri asiendelee kumchangia.

Na kurudi nyumbani hakufuti chochote. Akaunti ni ya jina lake, awe Leicester au Muheza. Watu wanapoteza pensheni kwa sababu wanahama bila kubadilisha anwani, au walijiandikisha kwa barua pepe ya kazini ambayo siku ya kuacha kazi inafungwa. Tumia barua pepe yako binafsi, andika namba ya akaunti kwenye daftari, na usifunge akaunti yako ya benki ya Uingereza kabla hujauliza mfuko unalipaje walio nje.

Hofu yenyewe naielewa. Mtu aliyeishi Tanzania wakati wa mabishano ya kikokotoo, yaani kanuni ya kukokotoa mafao ya wastaafu, mwaka 2018, au aliyemwona baba yake akifuatilia faili la mafao mwaka mzima, ana haki ya kuwa na wasiwasi. Ila asihamishie wasiwasi huo kwenye utaratibu mwingine kabla hajausoma.

Wanaoniumiza zaidi ni wauguzi wa hospitali za umma, NHS. Wao mfuko wao hautegemei soko la hisa. Kila mwaka unaofanya kazi unajiwekea sehemu moja ya 54 ya mshahara wa mwaka huo, na kiasi hicho kinaongezwa kadiri bei zinavyopanda. Muuguzi wa paundi 32,400 akifanya kazi mwaka mmoja amejiwekea pensheni ya paundi 600 kwa mwaka, atakazolipwa tangu anapostaafu mpaka anapofariki. Mwaka mmoja tu huo. Kwa England, mwajiri anachangia asilimia 23.7 ya mshahara. Muuguzi anayeacha mfuko huu ili amalizie lenta za nyumba ya kijijini, ambayo hakuna mpangaji wa kuipanga, anakosea hesabu, na nitamwambia hivyo hata kama ni shemeji yangu.

Sipingi kujenga. Jenga kwa fedha zinazobaki baada ya pensheni.

Mengine niyapitie haraka. Upatu si akiba ya uzeeni: unakupa nidhamu, lakini unapokea kilekile ulichotoa, na bei zimeshapanda. Kwa wanaokwepa pensheni kwa sababu ya riba, Nest, moja ya taasisi za pensheni ya kazini, ina mfuko unaofuata Sharia. Ila lazima uingie uuchague mwenyewe, hawakuwekei.

Pensheni ya serikali nayo ni kitu kingine kabisa, inatokana na michango ya bima ya taifa. Chini ya miaka 10 ya michango hupati kitu, na kiwango kamili kinahitaji miaka 35. Inalipwa hata ukiwa Tanzania au Kenya, lakini huko haipandi: kiwango unachoanza nacho ndicho utakachobaki nacho miaka yote utakayoishi huko. Anayekuambia ataishi Tanga kwa pensheni ya serikali peke yake, mwulize kama amelijua hilo.

"Nikifa inaliwa" nayo nimeisikia. Jumapili tuliingia pamoja na yule dada kwenye akaunti yake, na sehemu ya warithi ilikuwa tupu, kama ilivyo kwa karibu kila mtu ninayemsaidia. Akaandika majina ya watoto wake wawili walioko Muheza, nusu kwa nusu. Kisha akauliza kama anaruhusiwa kupandisha mchango wake kutoka asilimia 5 hadi 7. Anaruhusiwa. Tukamwandikia barua mwajiri palepale.