Homa imekukuta Guangzhou: usisubiri kurudi nyumbani

Nafanya kazi kliniki moja si mbali na Kariakoo, Dar es Salaam. Kila ukifika msimu wa maonyesho ya biashara ya Guangzhou, China, Aprili na Oktoba, najua baada ya wiki mbili tatu nitampokea mtu anayeingia na begi la safari, stika ya ndege bado inaning'inia kwenye mpini. Hajapita nyumbani. Wa mwisho alishikwa mkono na mwanawe, macho manjano, mkojo rangi ya chai ya rangi. Nikamuuliza homa ilianza lini. "Ilianza siku tunapakia kontena," akasema. Kontena lilipakiwa siku tano nyuma. Ilikuwa malaria. Maswali haya ndiyo ninayoulizwa na wafanyabiashara wetu na jamaa zao, na nayajibu hapa kwa sababu nimechoka kuyajibu mgonjwa akiwa tayari kitandani.

Malaria China? Si walishaimaliza?

Waliimaliza. Shirika la Afya Duniani liliitangaza China kuwa haina malaria tarehe 30 Juni 2021. Ila wewe hukuumwa na mbu wa Guangzhou, uliumwa na mbu wa Mbagala kabla hujapanda ndege. Vimelea hutulia kwanza kwenye ini bila dalili yoyote, na homa hutokea kwa kawaida siku 7 hadi 30 baada ya kuumwa. Ukisafiri leo, homa inaweza kukupata uko katikati ya kuchagua mizigo. Umeibeba mwenyewe, na uwanja wa ndege hawakuipima kilo.

Labda ni uchovu tu, au hewa ya huko haijanikubali?

Uchovu haupandishi joto la mwili hadi nyuzi 38 na zaidi. Kiyoyozi cha hoteli hakikutetemeshi meno saa nane usiku ukiwa umejifunika mablanketi mawili. Inaweza kuwa mafua makali, ndiyo. Inaweza kuwa dengi, homa nyingine inayoletwa na mbu, maana dengi ipo upande ule: mwaka 2014 mlipuko wa mkoa wa Guangdong ulipata watu zaidi ya 40,000. Huwezi kuzitofautisha kwa kujisikilizia, wala mwenzako wa chumba hawezi. Kipimo cha damu kinaweza.

Zimebaki siku tatu nirudi. Si bora nije nitibiwe nyumbani, kwa madaktari wanaoijua malaria?

Hapana.

Hili ndilo swali linalotuumiza, na mtu huliuliza kana kwamba ni la busara. Malaria ya kwetu kwa sehemu kubwa ni ile aina ya falsiparamu, na hiyo haingoji tiketi. Mtu anaweza kuwa anatembea asubuhi, kesho yake akawa haelewi anaongea na nani. Siku tatu za kuvumilia hotelini ndizo siku ambazo vidonge vingetosha. Baada ya hapo tunazungumzia sindano, damu ya kuongezwa na figo zilizogoma.

Halafu kuna hiyo ndege yenyewe. Kutoka Guangzhou hadi Dar kwa kuunganisha Addis Ababa au Dubai ni saa 15 na zaidi. Hewa ya ndani ya ndege ikiwa angani ni nyepesi, kama umesimama mlimani mita 1,800 hadi 2,400. Mtu mzima kiafya haoni kitu. Wewe ambaye malaria inakuvunjia chembe nyekundu za damu, zile zinazobeba oksijeni, utaona.

Kwa hiyo nasema tena: homa ikianza huko, inapimwa huko, siku hiyo hiyo. Sio ukimaliza kulipa kiwanda. Sio mzigo ukishaingia bandarini.

Mbona nikinywa panadoli inashuka?

Panadoli inashusha joto, vimelea vinaendelea kuzaana. Unapata saa nne za kujisikia mzima, unarudi sokoni, ikipanda unaongeza nyingine. Mgonjwa wangu wa kontena alikwenda hivyo kwa siku tano na akajiona jasiri. Kunywa panadoli ukiwa njiani kwenda kupima, si badala ya kupima. Na diklofenaki, ile mnayonunua kama pipi, acha kabisa: kama ni dengi, inaweza kukutoa damu.

Nimebeba mseto wangu, dawa ya malaria, kutoka nyumbani. Ninywe?

Vingapi? Hapo ndipo huwa nafungua mkoba wa mgonjwa na kukuta karatasi ya mseto iliyobakia vidonge vinane, vya mwaka jana, vya mtoto. Dozi ya mtu mzima ni vidonge 24: vinne mara mbili kwa siku, siku tatu, vinne vya pili saa 8 baada ya vinne vya kwanza, pamoja na chakula chenye mafuta kidogo. Nusu dozi inaficha ugonjwa, kipimo kinaweza kutoka kisichoeleweka, na daktari wa huko anadanganyika. Kama umeshameza chochote, mwambie.

Madaktari wa China wataijua kweli?

Dawa mseto yenyewe imetoka kwao. Mwanasayansi wao Tu Youyou aliipata artemisinini, kiungo kikuu cha mseto, kwenye mmea wa jamii ya pakanga, na mwaka 2015 akapewa tuzo ya Nobel. Tatizo ni kwamba daktari kijana wa zamu huenda hajawahi kuona mgonjwa wa malaria tangu amalize chuo. Akikuona unakohoa kidogo atafikiria mafua. Ni kazi yako kumwambia unatoka Afrika na unahofia malaria. Kwa Kichina malaria ni "nüeji", 疟疾. Piga picha ya maandishi hayo sasa hivi, yakae kwenye simu. Hospitali kubwa zina sehemu maalumu ya wagonjwa wa homa. Nenda na pasipoti, na uwe na pesa kwenye simu, kwa sababu huko mara nyingi unalipia kwanza kipimo ndipo unapimwa. Ukiwa huwezi kusimama, gari la wagonjwa ni namba 120.

Gharama je? Pesa yote iko kwenye mzigo.

Najua. Ndiyo maana bima ya safari inakatwa kabla, nayo ni ndogo ukilinganisha na ushuru wa katoni zako chache tu. Kama hukukata, kupima na kupewa vidonge siku ya kwanza bado ni nafuu mno kuliko kulazwa chumba cha mahututi siku ya tano. Jamaa wa Dar wanaochangishana kwenye simu usiku wa manane wanalijua hili.

Na wenye sukari na presha?

Dawa ziwe kwenye mkoba wa mkononi, siyo kwenye begi linaloingia tumboni mwa ndege, na insulini ndiyo kabisa, maana kule chini inaweza kuganda. Beba za siku zaidi ya ulizopanga.

Homa imenipanda nikiwa tayari kwenye foleni ya kupanda ndege. Nifanyeje?

Usimeze panadoli mbili ili upite kwenye kipimo cha joto. Wengi hufanya hivyo na hunisimulia wakicheka. Toka kwenye foleni, waambie wa kaunta unaumwa, uliza zahanati ya uwanja iko wapi, onyesha ile picha ya 疟疾. Kisha piga simu nyumbani, waambie hutafika kesho.