Kununua Kampuni si Kununua Anwani Zake za IP

Safari hii ameniambia mteja wa Kasulu, kabla yake wa Mwanga, na maneno ni yale yale: “Nimenunua kampuni na kila kitu chake: mnara, betri, ruta na zile anwani za kale. Wewe niunganishie tu.” Anwani anazozisema ni za IP, yaani namba zinazotambulisha vifaa kwenye intaneti. Kazi yangu hapa Kigoma ni mitandao, na jambo hili linaniuma kwa sababu anayekuja kuumia ni mnunuzi, fedha zikiwa zimeshatoka.

Dhana: anwani ni mali, ukilipa umezimiliki

Sivyo. Sera ya AFRINIC, sajili ya anwani za IP ya Afrika yenye makao Mauritius, haizihesabu anwani za IP kuwa mali. Unachopata ni haki ya kuzitumia, nayo imeandikwa jina la mtu au kampuni kwenye daftari lake. Watanzania hili tunalijua kwenye ardhi: ardhi ni ya umma, Rais ni mdhamini, wewe unayo haki ya kuitumia. Ukinunua kiwanja Ujiji usibadilishe jina kwenye hati, ofisi ya ardhi inaendelea kumtambua aliyekuuzia.

Anwani za kale ndizo zinazopotosha zaidi. Zilitolewa kabla ya sajili za kanda: RIPE NCC ya Ulaya ilianza 1992, APNIC ya Asia na Pasifiki 1993, ARIN ya Amerika Kaskazini 1997, na AFRINIC ikatambuliwa 2005. Enzi hizo taasisi iliomba ikapewa, bila mkataba wala ada ya mwaka. Watu wanadhani uhuru huo unarithiwa na kila mnunuzi. Kanuni ya uhamisho ya AFRINIC inakataa: anwani ya kale ikishahamishwa haihesabiwi tena kuwa ya kale. Anayezipokea anaingia mkataba, analipa ada, na anatakiwa kuonyesha kwamba anazihitaji kweli.

Tena angalieni mmenunua nini hasa. Mkinunua hisa, na kampuni ikabaki ile ile BRELA (wakala wa usajili wa kampuni), mwenye anwani hajabadilika. Rekebisheni watu wa mawasiliano kwenye daftari. Mkichukua vifaa na wateja peke yake, anwani zimebaki kwa kampuni ya zamani mpaka uhamisho uidhinishwe. Na kama fungu la anwani lilitolewa kwa idara fulani mwaka 1993, idara ikageuka kampuni, kampuni ikabadili jina ndipo ikauzwa, kila hatua inahitaji cheti chake. Kikikosekana kimoja, shughuli inakwama hapo.

Kwa hiyo, kabla ya kulipa hata senti, wekeni cheti cha BRELA na kumbukumbu ya daftari la AFRINIC mezani, mlinganishe majina herufi kwa herufi. Fedha ya anwani ikae kwa wakili mpaka AFRINIC ithibitishe kwa maandishi. Ushauri huu nimeurudia mpaka sauti imekauka, na bado watu wanalipa kwanza.

Dhana: kubadilisha barua pepe kwenye daftari kunatosha

Huo si uhamisho. Mwaka 2019 ilifichuka kwamba mafungu ya kale ya Afrika yaliyolala yalikuwa yamebadilishwa kumbukumbu kinyemela. Tangu hapo nyaraka zenu zitakaguliwa sana, na ndivyo inavyopaswa.

Dhana: tutanunua za Marekani, ziko nyingi

Mwaka 2011 Microsoft ilichukua anwani 666,624 za Nortel kwa dola milioni 7.5, lakini hilo lilifanyika huko huko kwa kanuni za huko. Sera ya uhamisho ya AFRINIC inahusu anwani zinazobaki ndani ya kanda yake. Dalali anayekuahidi vingine mwulize kifungu.

Dhana: anwani tulizopewa na mtoa huduma tutahama nazo

Ni zake. Mkataba ukiisha, zinarudi kwake.

Zile zinazoanza na 192.168 nazo nimezikuta kwenye mkataba wa mauziano, zimewekewa bei. Hizo ni za matumizi ya ndani tu, hazina mwenyewe; zimo kwenye ruta za watu kila mtaa. Zifuteni, bei ipungue.