Je, wajua kwa nini shira ya visheti hugeuka nyeupe, na ya kaimati hubaki inang'aa?

Jioni ya Ramadhani, katika nyumba nyingi za Pwani, sahani mbili hukaa jirani kwenye mkeka wa futari. Moja ina kaimati, za duara, za kahawia, zimelowa shira mpaka zinameremeta chini ya taa. Nyingine ina visheti, vikavu, vimevaa ganda jeupe kama vumbi la chokaa. Ukishika kimoja, vidole havinati. Sukari imetoka mfuko mmoja. Maji ni yale yale, iliki ni ile ile, na sufuria ya shira mara nyingi ni hiyo hiyo moja, imesuuzwa tu katikati. Imekuwaje basi shira hii ikabaki ya kuvutika, na ile ikakauka kuwa ganda?

Nilianza kuuliza swali hili nikiwa bado napanda juu ya kigoda kuchungulia karai la mama mkubwa. Alinijibu kwa maneno machache: "Ya visheti haitiwi ndimu, tena usiache kuigeuza." Mpaka leo sijaona jibu lililolishinda hilo kwa usahihi. Nilichokuja kujifunza baadaye ni sababu zake, na hizo ndizo ninazotaka kuzieleza, maana anayezielewa hababaishwi tena na shira ya aina yoyote.

Tuanzie kwenye maji. Maji hula sukari, na kama mlaji yeyote, hufika mahali yakashiba. Kwenye joto la kawaida la jikoni kwetu, nyuzi 30 za Selsiasi hivi, gramu 100 za maji hubeba takriban gramu 215 za sukari. Ukizidisha, ya ziada hutuama chini ya kikombe na haiyeyuki hata ukoroge mpaka magharibi. Lakini yapashe moto maji hayo hayo hadi yakaribie kuchemka, nayo yatabeba zaidi ya mara mbili: karibu gramu 480.

Sasa shira inapochemka, kinachopaa kutoka kwenye sufuria ni mvuke, yaani maji matupu. Sukari haiendi popote. Dakika zikipita, maji yanapungua na sukari ni ile ile, na kadiri maji yanavyopungua ndivyo shira inavyozidi kuwa na joto. Maji matupu huchemka kwenye nyuzi 100. Shira ikifika nyuzi 106 huanza kuvuta uzi: unachota kidogo kwa kijiko, unaacha ipoe kiasi cha kuvumilika, unaibana kati ya kidole gumba na cha shahada, kisha unaviachanisha. Ikifika 112 uzi unakuwa mrefu, haukatiki upesi, na tone likidondoka kwenye bakuli la maji baridi linajikusanya kuwa kidonge laini. Hapo katika kila gramu 100 za shira, maji ni gramu 15 tu au zaidi kidogo.

Piga hesabu uone jambo la ajabu. Maji gramu 15 yamebeba sukari gramu 85. Ni sawa na gramu 100 za maji kubeba zaidi ya gramu 550. Shira hiyo ikipoa na kurudi kwenye nyuzi 30, maji yake yana nafasi ya gramu 215 peke yake. Zaidi ya nusu ya sukari haina pa kukaa.

Ungedhani itaanguka chini mara moja. Haianguki. Sukari ikitaka kutoka majini hutoka kwa kujipanga: molekuli moja hushikana na nyingine, tatu, nne, safu juu ya safu, mpaka ipatikane chembe yenye pembe zake zilizonyooka. Chembe hiyo huitwa fuwele, na punje za sukari unazochota dukani ni fuwele kila moja. Ili safu ya kwanza ipatikane, molekuli zinahitaji kugongana, au zikute fuwele iliyokwisha kuwapo zijibandike juu yake. Shira nzito iliyotulia kwenye sufuria safi inaweza kukaa muda mrefu imejaa kupita kiasi bila kuganda, inangoja tu wa kuichokoza. Mchokozi mwenyewe ni mwiko.

Tazama visheti vinavyopikwa. Donge lake ni unga wa ngano, samli, iliki na tui la kukandia, bila hamira, na kila kidonge kidogo kimebanwa kikaviringishwa juu ya uma ili kipate mistari. Ile mistari ni pambo, na pia ndimo shira inamojishika. Vimekwisha kukaangwa vikawa vikavu ndani na nje, vimo kwenye karai safi. Shira inamiminwa juu yake ingali inatokota. Mwanzoni mambo huonekana kama yameharibika: visheti vinang'aa, vinateleza, vinashikana vitatu vitatu. Unageuza kwa mwiko, kutoka chini kuja juu, bila pupa, usivivunje. Dakika moja. Mbili. Mwiko unaanza kuwa mzito mkononi. Kisha pembeni mwa karai, pale shira ilipojipaka kwenye chuma ikapoa kwanza, panatokea kama ukungu. Unageuza. Ukungu unahamia kwenye visheti vya pembeni, halafu vya katikati, mng'aro unafifia mithili ya kioo kilichopuliziwa pumzi, na ndani ya muda mfupi sana karai zima limekuwa jeupe. Hata mlio unabadilika. Vilivyokuwa vikinyonyana kimyakimya sasa vinagongana, kokoto kwa kokoto.

Neno sukari tumelipata kwa Waarabu, sukkar, nalo asili yake ya mbali ni Kisanskriti, sarkara, ambalo maana yake ya mwanzo ilikuwa changarawe. Aliyewahi kusimama karibu na karai la visheti dakika hiyo anajua kwa masikio yake kwamba jina ni la haki.

Na weupe ule hautokani na rangi yoyote. Fuwele moja ya sukari ukiitazama vizuri haina rangi, inapitisha mwanga kama kioo. Lakini zikiwa ndogo sana na nyingi sana, mwanga ukiingia hugonga huku ukarudishwa kule, na jicho linapokea mwanga uliotawanyika, yaani weupe. Barafu ni hivyo hivyo: bonge lake huona ndani, lakini isage, nayo inakuwa nyeupe. Kuigeuza shira bila kuacha ndiko kunakoleta fuwele ndogondogo, kwa sababu kila pigo la mwiko huanzisha nyingine mpya na hakuna moja inayopata nafasi ya kunenepa. Ukiimwaga shira ukaondoka kwenda kupokea simu, utarudi ukute mabonge magumu yamenata chini ya karai na visheti vya juu vikiwa uchi.

Kaimati zinataka kinyume cha haya yote. Ndizo zile ambazo Oman na nchi nyingine za Ghuba huziita luqaimat, jina linalotokana na luqma, ambalo ni tonge. Tonge la hamira lenye matundu ndani na ganda jembamba nje linataka shira inayopita, ijipake, ing'ae. Kwa hiyo hatuipiki mpaka ikauke maji. Vikombe viwili vya sukari kwa kikombe kimoja cha maji, moto wa wastani, dakika nane hadi kumi za kuchemka, inatosha. Ikinata vidoleni na kuanza tu kutoa kauzi kafupi, iepue. Ikipoa itakuwa imeshiba na kupita shibe kidogo, si kwa kiasi cha ile ya visheti.

Hata hicho kidogo kinaweza kuganda usiku, ndipo ndimu inapoingia. Wengi wetu tunadhani ndimu inatiwa kupunguza utamu. Ladha inasaidia, sawa, lakini kazi yake kubwa ni nyingine. Sukari ya dukani, kwa jina la kitaalamu sukrosi, ni molekuli mbili zilizoungana: glukosi na fruktosi. Asidi ya ndimu ikishirikiana na moto huukata ule muungano. Si sukari yote inayokatika, ni sehemu yake tu, lakini inatosha. Sasa ndani ya shira mna molekuli za namna tatu, na fuwele hujengwa kwa namna moja. Ni kama fundi anayepanga matofali halafu kila mara anapewa jiwe la mviringo; ukuta hausimami. Shira inabaki laini, inang'aa.

Ndiyo maana ndimu hutiwa shira ikiwa bado jikoni inachemka. Ukikamulia baada ya kuepua, utapata harufu na uchachu, lakini ile kazi ya kukata itakuwa haijafanyika ipasavyo, maana asidi bila moto huenda polepole mno. Asali nayo inasaidia, kwa kuwa yenyewe tayari ina glukosi na fruktosi kwa wingi. Kijiko kimoja kwenye shira ya kaimati kinafanya kazi nzuri. Na mwiko uweke kando. Koroga mpaka sukari iyeyuke, kisha acha kabisa. Punje zilizoruka zikashika ukingoni mwa sufuria ni hatari kuliko zinavyoonekana, kwani moja ikidondokea ndani inakuwa mbegu ya kugandisha shira nzima. Funika sufuria dakika mbili za mwanzo, mvuke uoshe kuta zenyewe.

Kashata zinafuata sheria hizi hizi. Kashata za nazi ni ndugu wa visheti: unakoroga mpaka sukari irudi kuwa chembe, na mafuta ya nazi yanazizuia chembe zisinenepe, ndipo kashata inakatika laini mdomoni. Kashata za karanga zinazoyeyushiwa sukari kavu mpaka ikawa ya kahawia ni jambo jingine. Pale hakuna maji, joto limepita nyuzi 160, na sukari ikipoa haipati nafasi ya kujipanga. Inaganda ikiwa imevurugika, kama kioo. Ndiyo maana inavunjika kwa mlio. Kahawa chungu inataka hiyo ya karanga, kwa maoni yangu, ingawa najua kwenye baraza nyingine nitapingwa.

Hewa yetu ya Pwani nayo ina neno. Fuwele za sukari, zikiwa safi na kavu, hazivuti unyevu wa hewani mpaka unyevu huo ukaribie asilimia 85. Fruktosi hungoja mpaka asilimia 60 hivi tu, kisha huanza kunywa maji ya hewani. Kwa hiyo ganda la visheti linahimili, mradi mkebe ufungwe vizuri, maana usiku wa Zanzibar au Mombasa hewa huvuka kiwango hicho mara nyingi. Visheti hukaa wiki kadhaa. Kaimati zikilala, ganda lake linalegea, na asubuhi ni tamu lakini si zile. Mtoto anayekwenda masomoni mbali hufungiwa mkebe wa visheti. Kaimati huliwa pale pale.

Na zikikorofika? Shira ya kaimati iliyoganda inarudishwa kirahisi: ongeza robo kikombe cha maji, kamua ndimu, irudishe motoni mpaka chembe zote ziyeyuke. Visheti vinavyogoma kuwa vyeupe vina sababu mbili. Ikiwa shira haikuiva, rudisha karai kwenye moto mdogo sana uendelee kugeuza. Maji yakipungua vitakauka mbele ya macho yako. Ikiwa ilikwisha iva na bado inasita, nyunyiza kijiko kidogo cha sukari kavu ukigeuza, fuwele zake ziwe mbegu. Lakini kama kuna aliyekamulia ndimu kwa kuzoea, mbegu hazitasaidia; vile visheti vitabaki vya kunata, na ni bora viliwe siku hiyo.

La mwisho ni kwa walio bara wanaopika kwa kipimajoto. Nyuzi nilizotaja ni za usawa wa bahari. Nairobi, iliyo juu ya mita 1,600, maji huchemka kwenye nyuzi 94 au 95 hivi, kwa hiyo shira ya visheti ya nyuzi 112 za Mombasa huwa tayari pale kwenye 106 au 107. Ukingoja ifike 112 utaikausha kupita kiasi, igande kabla hujamaliza kuimimina. Anayepima kwa uzi kati ya vidole hana haja ya kutoa wala kuongeza, kwa sababu uzi haupimi joto. Unapima sukari imebaki na maji kiasi gani, na hicho hakibadiliki kwa kupanda mlima.