Gari Lililonyanyuliwa Halipaswi Kuyumba

Wiki iliyopita aliingia gereji mteja na Hilux Revo aliyoinyanyua, yaani aliyoiongeza kimo, miezi mitatu nyuma. Alitaka tairi mbili mpya za mbele, basi. Zile alizokuja nazo zilikuwa zimelika begani wakati katikati bado zina meno. Nikamuuliza gari linakwendaje barabarani. Akajibu: "Linayumba kidogo, fundi, ila si unajua yakishanyanyuliwa ndivyo yalivyo."

Hapana, sivyo yalivyo. Nafanya kazi ya miguu ya magari na alaimenti (kupima na kupanga pembe za tairi) hapa Arusha, na neno hilo nalisikia kwa madereva wa utalii, kwa wakulima wa Karatu, kwa vijana wenye pikapu za kutembelea mjini, hata kwa mafundi wenzangu. Mtu anaendesha gari bovu kila siku na familia yake ndani, halafu ameshajiridhisha kwamba ubovu ule ni bei ya kimo.

Nikapanda naye tukaelekea Kisongo. Kwenye kilomita 80 kwa saa mikono yake ilikuwa haitulii: kushoto kidogo, kulia kidogo, kushoto tena, na barabara yenyewe imenyooka. Tulipotoka kwenye kipilefti nikamwambia alegeze mikono. Usukani ukabaki palepale ulipokunjwa. Gari lisilo na ubovu, likitoka kwenye kona, usukani hurudi wenyewe. Usiporudi, hapo huhitaji mashine kujua kwamba kasta, yaani mlalo wa kwenda nyuma wa mhimili ambao tairi linageukia, imekwenda.

"Likinyanyuliwa lazima liyumbe"

Kinachosumbua stelingi ni pembe za miguu ya mbele. Kimo unaweza kukiongeza na pembe ukazirudisha mahali pake. Watu wengi wanalipia nusu ya kwanza tu ya kazi hiyo.

Hilux ya kuanzia Vigo ya 2005, toleo la kabla ya Revo, ina wishboni (mikono inayoshika tairi) ya juu na ya chini, shokapu iliyovalishwa springi, na raki ya stelingi yenye tairodi mbili, zile fimbo zinazogeuza tairi. Ukiweka springi ndefu au spesa (kipande cha kuongeza urefu juu ya shokapu), wishboni zote zinainamia chini, na ule mlalo wa kwenda nyuma, ambao ndio kasta, unapungua. Kemba, yaani tairi kulalia ndani au nje, inahama. Tou, yaani tairi za mbele kuangalia ndani au nje, nayo inahama, maana tairodi zimebadilika pembe. Kila tairi likiingia shimoni na kutoka, tou inacheza zaidi ya ilivyopangwa kiwandani, na gari linajikata lenyewe kushoto au kulia bila wewe kugusa kitu. Hapo ndipo dereva anasema "linayumba".

Revo ya yule mteja tuliipandisha kwenye mashine. Kasta ya kulia ilisoma digrii 1.1, ya kushoto 0.6, wakati kitabu cha gari lile kinataka zaidi ya digrii mbili, na pande zote zikaribiane. Nikaingia chini na tochi. Juu ya kila shokapu kulikuwa na spesa ya alumini, nene sentimita 5. Aliyemuuzia alimwambia gari litapanda sentimita 5.

Hesabu hiyo haiko hivyo, na naomba kila mwenye Hilux aielewe. Shokapu haikukalia tairi. Inakalia wishboni ya chini, kati ya chesisi na tairi. Kwa hiyo ukisukuma shokapu chini kwa sentimita moja, tairi linashuka karibu mara mbili ya hiyo. Spesa ya sentimita 5 ilimpandishia gari karibu sentimita 9. Sivi jointi, viungo vinavyopeleka nguvu kwenye tairi za mbele, zilikuwa zimekaa kwa pembe kali hata gari likiwa limesimama, mpira wa moja ulishachanika na grisi imerukia ndani ya rimu. Gari likipanda tuta na tairi kuning'inia, wishboni ya juu ilikuwa inagonga springi. Alama ya chuma kwa chuma ilionekana wazi, inang'aa kama sarafu mpya.

Tulitoa spesa zote mbili. Tukafunga springi zinazopandisha sentimita 4 na nusu, na wishboni za juu zilizotengenezwa maalumu, ambazo boljointi yake (kiungo cha mwisho wa wishboni, upande wa tairi) imesogezwa nyuma ili kurudisha kasta. Mashine ikasoma 3.2 na 3.0. Tukarudi barabara ileile, kipilefti kilekile. Alilegeza mikono, usukani ukarudi katikati. Akanyamaza kidogo, kisha akasema angejua asingeendesha vile miezi mitatu. Gari bado limenyanyuliwa na bado ni zuri machoni pake.

Land Cruiser 79 ni habari nyingine kidogo. Tangu 1999 mbele lina springi za koili juu ya ekseli nzima, na ekseli imeshikwa na mikono miwili inayorudi nyuma kwenye chesisi. Ukilipandisha, mikono inaizungusha ekseli yote na kasta inapotea pande zote mbili kwa pamoja. Dawa yake ni bushi za kasta zenye tundu lililosogezwa pembeni, au mikono mipya. Halafu kuna fimbo ya panadi inayoizuia ekseli isiende kushoto na kulia. Chesisi ikipanda, fimbo hiyo inaivuta ekseli upande mmoja, ndiyo maana unakuta tairi moja limetokeza nje ya fenda kuliko jenzake. Fimbo yenye uzi wa kurefusha na kufupisha inamaliza jambo hilo. Na kama una ule mtetemo wa ghafla, unaoanza ukipiga shimo moja kwenye kilomita 60 au 70 na usukani wote unatikisika mpaka usimame kabisa, usinunue shokapu ya stelingi ili kuunyamazisha. Shokapu ile inauficha tu. Angalia bushi za panadi, boljointi, beringi na balansi ya tairi kabla ya kutoa shilingi yoyote.

Kuna jambo moja ambalo nalikubali. Gari refu linalala zaidi kwenye kona na upepo wa ubavuni, kama ule wa mbuga za Makuyuni, unalisukuma zaidi. Uzito umepanda juu, na hakuna fundi atakayekuondolea hilo, unaendesha ukilijua. Lakini kulala kwenye kona ni kitu kimoja, na kuyumba kwenye barabara iliyonyooka ni kitu kingine. La kwanza ni tabia ya gari refu. La pili ni ugonjwa, na unatibika.

"Lakini alaimenti nilishapiga"

Alaimenti gani? Sehemu nyingi wanaweka tou, wananyoosha usukani, wanapokea hela. Tou ikikaa sawa gari litaacha kula tairi haraka, ila kasta bado iko chini na usukani bado haurudi. Ndiyo maana watu wanapiga alaimenti mara nne na hawaoni tofauti.

Dai karatasi. Mashine yoyote ya maana inatoa karatasi yenye namba za kabla na za baada: kasta, kemba, tou, kulia na kushoto. Fundi akikwambia mashine yake haitoi karatasi, au karatasi ina tou peke yake, hujapimiwa. Kwenye Hilux kasta na kemba zinarekebishwa kwa bolti za kemu za wishboni ya chini, ambazo ukizizungusha zinaisogeza wishboni, na bolti hizo zikikaa na vumbi na maji ya miaka kadhaa zinashikana na bushi. Mafundi wengi wanaziruka kwa sababu hiyo tu, kwani kuzitoa ni kazi ya nusu siku.

Halafu hili, ambalo ningeliandika ukutani kwa rangi nyekundu: bolti za bushi za mpira zinakazwa gari likiwa limesimama kwa miguu yake, uzito wote chini. Ukizikaza gari likiwa juu ya jeki, mguu ukining'inia, mpira wa bushi unashikwa katika mkao ule. Ukishusha gari unajikunja, na kila kilomita unaendelea kujikunja mpaka unachanika. Nimetoa bushi zenye miezi miwili zimekatika kama zina miaka kumi. Lawama zote zikaenda kwa kimo.

"Ukinyanyua tu, waranti yote imekufa"

Kwanza jiulize kama waranti unayo. Juzi mwenye Vigo iliyotoka Thailand ikiwa imetumika alikuwa na wasiwasi wa waranti kuliko wa breki. Gari la mtumba lililopita mikono mitatu halina waranti ya kiwanda ya kulinda.

Kama gari ni jipya, la kwa wakala, soma kijitabu cha waranti na si maneno ya kijiweni. Waranti ya kiwanda inashughulikia kasoro ya malighafi na ya uundaji. Haishughulikii uharibifu uliotokana na kitu ulichoongeza. Sivi jointi ikifa kwenye gari lenye spesa ya sentimita 5, mkaguzi atapiga picha ya spesa na dai lako limeishia hapo, na kwa kweli atakuwa sahihi. Redio ikizima au mota ya kioo ikifa, kunyanyuliwa kwa gari hakuhusiki, na una haki ya kumwomba wakala akuonyeshe kwa maandishi ni kipengele gani anachotumia kukukatalia.

Kinyume chake kuna wanaosema "sheria inawakataza kukataa". Sheria hiyo wameiona kwenye video za Wamarekani. Inaitwa Magnuson-Moss, ni ya mwaka 1975, na kule ndiyo inayomzuia mtengenezaji kufuta waranti kwa sababu tu umefunga kifaa cha kampuni nyingine. Lazima aonyeshe kwamba kifaa hicho ndicho kilicholeta uharibifu. Ni sheria ya Marekani. Hapa Tanzania ukiipeleka kwa wakala haitakusaidia. Hapa unasimama na mkataba wako, yaani kile kijitabu.

Ushauri wangu ni mmoja, nautoa kila mara. Kabla hujafungua bolti hata moja ya gari jipya, mwandikie wakala, taja kifaa na kimo, omba jibu la maandishi. Wengine watakwambia kifaa wanachokikubali, au watakifunga wenyewe na kukisimamia. Baada ya kufunga, tunza risiti na zile karatasi za alaimenti. Na usichanganye waranti ya kiwanda cha gari na ya waliotengeneza springi. Kampuni za Australia, ambako springi nyingi tunazofunga hapa zinatoka, zinatoa waranti kwa springi na shokapu zao. Raki yako haimo humo.

Ukimaliza na wakala, nenda kwa bima. Mkataba wa bima unasimama juu ya ukweli kamili wa mteja. Gari ulilokatia bima likiwa la kawaida, kisha ukalipandisha na kulivisha tairi kubwa, ni badiliko wanalotakiwa kulijua kabla ya ajali.

"Mimi sijanyanyua, nimeweka tairi kubwa tu"

Umebadilisha stelingi vilevile. Tairi zito lenye rimu iliyotokeza nje linaongeza mzigo kwenye boljointi, tairodi na beringi, na kila jiwe linafika mikononi mwako. Spidi nayo inadanganya. Ukitoka 265/65R17 kwenda 285/70R17, kipenyo kinapanda kutoka milimita 776 hivi hadi 831. Spidomita iliyokuwa sahihi ikisoma 100, unakwenda karibu 107. Na sevisi uliyodhani umeifanya kwenye kilomita 10,000, gari limeshakwenda kama 10,700.

"Nyuma weka shekeli ndefu, rahisi"

Shekeli, kile kipande kinachounga springi ya majani na chesisi, ikiongezeka sentimita 5, gari linapanda nusu yake, na springi ya majani inabaki ileile iliyochoka. Kama unabeba mzigo, fanya kazi kwenye majani yenyewe. Na kama mbele nako umepandisha, shusha taa za mbele, maana wanaokuja mbele yako usiku hawaoni kitu.

"Ukinyanyua nyuma, breki haihusiki"

Ingia chini ya bodi ya Hilux isiyo na VSC (mfumo wa umeme wa kuzuia gari kuteleza). Utaona fimbo nyembamba ya chuma iliyotoka kwenye ekseli ya nyuma, ikaenda mpaka kwenye vali ndogo iliyofungwa kwenye chesisi. Vali hiyo inapima mzigo. Bodi ikishushwa na gunia, fimbo inasukumwa na vali inaruhusu breki nyingi nyuma. Bodi ikiwa tupu na juu, vali inabana breki za nyuma ili tairi zisijifunge. Sasa umepandisha nyuma sentimita 5 na fimbo hukuigusa. Vali inaamini mzigo ni mdogo kuliko uliopo. Unapakia tani ya mahindi, unashuka mteremko wa Ngorongoro, na tairi za nyuma zinapewa breki pungufu, kazi kubwa iko mbele. Kibano cha kuirudisha fimbo mahali pake ni kipande cha chuma chenye matundu mawili. Kila Hilux ninayoipandisha nyuma naanza kukagua hapo, na kwenye nyingi zilizonyanyuliwa kwingine nakuta fimbo imeachwa ikining'inia, au imefungwa waya.